Kuipanga upya ofisi ya nyaraka: mwongozo kamili, kuanzia rafu hadi kompyuta

Mama mmoja alifika dirishani akiwa na bahasha ya kaki mkononi. Marehemu mumewe alikuwa mtumishi wa serikali ya mtaa kwa miaka mingi, na mafao yalikuwa yamekwama kwa sababu hapakuwa na karatasi ya kuonyesha aliajiriwa lini. Jalada lake tulijua lipo. Lilikuwa humo humo ndani, hatua chache tu kutoka pale aliposimama. Lakini aliyejua limekaa rafu ipi alikuwa ameshastaafu, na orodha aliyokuwa akiitumia aliondoka nayo kichwani. Tulilitafuta siku nne.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba ofisi ile ilikuwa imetoka kutumia mwaka mzima kujiboresha. Skana ilinunuliwa, kompyuta zikawekwa, vijana wa mkataba wakaskani asubuhi hadi jioni. Picha zikabaki na majina ambayo mashine ilijipa yenyewe, namba tupu zilizofuatana, hakuna hata moja iliyosema ni jalada la nani. Mwisho wa kazi vurugu ya chumbani ilikuwa vile vile, na nyingine ya pili imezaliwa ndani ya kompyuta.

Tangu hapo nimeshika jambo moja: orodha kwanza, mashine baadaye. Mwongozo huu nimewaandikia walio mahali nilipokuwa mimi, waliokabidhiwa ofisi ya nyaraka ya mji, wilaya, chuo au taasisi ya dini na kuambiwa waibadilishe. Hatua zifuatwe kwa mpangilio wake. Ukiruka moja utarudi kuifanya, tena kwa gharama kubwa zaidi.

Hatua ya 1: Pima kabla ya kugusa

Wiki ya kwanza usihamishe hata karatasi moja. Ingia chumbani na daftari, penseli, futi ya kupimia na simu yenye kamera. Piga picha kila rafu kama ilivyo, hata ile iliyopinda, hata boksi lililo sakafuni. Picha hizo ndizo zitakazokuokoa miezi sita baadaye utakapojiuliza jalada fulani lilikuwa jirani na lipi.

Kisha andika rafu kwa rafu: ni nyaraka za ofisi gani, za kuanzia mwaka gani hadi upi, zina urefu gani, hali yake ikoje. Nyaraka hupimwa kwa mita za rafu. Mita moja ya karatasi zilizobanana huwa na uzito wa kilo 50 hivi, kwa hiyo ukijua una mita 200, unajua pia kwamba sakafu imebeba kama tani 10. Takwimu hiyo mpe mhandisi kabla hajakuahidi chumba cha ghorofani.

Kwenye safu ya hali, tumia maneno machache yasiyobadilika: nzima, imechanika, ina ukungu, imeliwa na wadudu, ina kutu. Kila mtu akiandika kwa lugha yake, hutaweza kuhesabu chochote mwishoni.

Hatua ya 2: Usichanganye vilivyotoka nyumba tofauti

Kishawishi kikubwa cha mgeni katika kazi hii ni kupanga kwa mada: afya huku, elimu kule, ardhi pale. Inaonekana ni akili. Ni uharibifu, na hauna dawa.

Ufaransa ilitoa agizo mwaka 1841 kwamba nyaraka za chombo kimoja zikae pamoja, zisichanganywe na za chombo kingine. Mwaka 1898 Waholanzi watatu, Muller, Feith na Fruin, wakaandika kitabu cha kanuni kilichosambaa duniani, wakasisitiza pia kwamba mpangilio alioutumia mwenye nyaraka uheshimiwe. Kanuni hizo mbili, chimbuko na mpangilio wa awali, ndizo uti wa mgongo wa kazi yetu hadi leo.

Sababu yake utaiona ukifungua jalada moja la mgogoro wa mpaka. Kuna barua ya malalamiko. Nyuma yake kuna ramani iliyochorwa kwa mkono. Nyuma ya ramani kuna ripoti ya mpimaji, na pembeni mwa ripoti mkubwa wake ameandika kwa wino mwekundu: sikubaliani. Ramani hiyo ukiitoa kuipeleka kwenye kabati la ramani bila kuacha alama, barua haieleweki, ripoti haieleweki, na ramani yenyewe inageuka mchoro wa mahali pasipojulikana. Kama ramani ni kubwa mno na lazima ikae mahali pengine, acha karatasi nafasi yake iseme imekwenda wapi, na kwenye ramani andika imetoka wapi.

Mpangilio wa awali ukiwa umeshavurugika kabisa, hapo una ruhusa ya kuunda mwingine. Andika kwenye orodha kwamba ni wewe uliyeuunda, na lini.

Hatua ya 3: Orodha

Hii ndiyo hatua ndefu kuliko zote, na ndiyo ambayo wakubwa hawaioni. Mtu aliyekaa miezi minne akiorodhesha hana kitu cha kung'aa cha kumwonyesha mgeni rasmi. Mtetee. Kazi yake ndiyo itakayobeba kila kitu kinachofuata.

Kiwango cha kimataifa cha kueleza nyaraka, ISAD(G), kina vipengele 26, lakini vya lazima kabisa ni sita: namba ya kumbukumbu, jina, aliyezitengeneza, tarehe, wingi, na ngazi, yaani kama unaeleza mkusanyiko mzima, sehemu yake, jalada au karatasi moja. Ofisi ndogo ikivijaza hivyo sita kwa uaminifu, imefika mbali.

Anza juu ushuke. Eleza mkusanyiko mzima kwa aya moja, kisha sehemu zake, kisha majalada. Usianze kuorodhesha barua moja moja. Utazeeka uko rafu ya pili. Ngazi ya jalada inatosha kwa nyaraka nyingi.

Jina la jalada ndipo ufundi unapoonekana. Ukikuta nje pameandikwa "Barua mbalimbali", fungua usome dakika tano. Kisha andika kitu kama: "Uchimbaji wa kisima cha shule: mawasiliano ya mhandisi na kamati ya wazazi, 1961–1964". Mtafiti anayetafuta habari za maji atalipata, na mjukuu wa mwenyekiti wa kamati naye atalipata. Jina la asili la jalada usilifute. Liweke kwenye safu yake, kwa sababu barua za zamani zinalitaja kwa jina hilo.

Kuhusu namba, kuna kosa moja nimeliona ofisi nyingi, nami nimelifanya. Mtu anaipa nyaraka namba inayotokana na mahali ilipo: chumba cha 2, rafu ya 7, boksi la 3. Siku rafu inapobadilishwa, namba zote zinakuwa za uongo, na tanbihi zote za watafiti zinakufa. Namba ya kumbukumbu itokane na chimbuko, na ikishatolewa isibadilike milele. Mahali ilipo paandikwe kwenye orodha nyingine, ambayo unaweza kuisahihisha kila siku.

Jedwali la kawaida la kompyuta linatosha kuanzia. Ukiwa na mtu wa kukusaidia kiufundi, ipo programu ya bure iitwayo AtoM, iliyotengenezwa kwa kufuata viwango vya Baraza la Kimataifa la Nyaraka. Lakini jedwali lililojazwa vizuri linaweza kuhamishiwa kwenye programu yoyote, na programu nzuri haiwezi kuponya jedwali lililojazwa ovyo. Chapisha pia nakala ya karatasi, iweke nje ya jengo.

Hatua ya 4: Amua nini kibaki

Si kila karatasi ni ya kudumu. Watu wa fani hutofautisha kumbukumbu hai, zinazotumika kila siku masijala. Kumbukumbu tuli, ambazo hazitumiki sana ila muda wake wa kisheria haujaisha. Na nyaraka, zilizochaguliwa zikae daima. Ofisi nyingi huzidiwa kwa sababu aina zote tatu zimerundikwa chumba kimoja.

Dawa ni ratiba ya uhifadhi: aina ya kumbukumbu, itakaa masijala miaka mingapi, itakaa kwenye chumba cha kumbukumbu tuli miaka mingapi, kisha iteketezwe au ihifadhiwe. Ratiba hiyo huwezi kuitunga peke yako. Kaa na wakuu wa idara, mwanasheria na mhasibu, kisha peleka kwa mamlaka ya nyaraka ya nchi iidhinishe. Usiteketeze chochote kabla ya idhini hiyo. Kinachoteketezwa kiorodheshwe, cheti kitiwe saini, na cheti chenyewe kitunzwe daima.

Mihtasari ya vikao, rejista, ramani, mikataba ya ardhi na majalada ya watumishi yashughulikie kwa uangalifu wa pekee. Risiti za kununulia mafuta ya gari hazihitaji kikao.

Na uhusiano na masijala ujenge mapema. Mtunza kumbukumbu wa pale ndiye anayeamua, bila hata kujua, utapokea nini miaka 20 ijayo. Mfundishe kufunga majalada yaliyonenepa, kuandika tarehe ya kwanza na ya mwisho, na kukuletea yakiwa na orodha. Yasiyo na orodha usiyapokee.

Hatua ya 5: Safisha, kisha fungasha

Meza pana, mwanga mzuri, brashi laini, barakoa. Vumbi lifutwe kuelekea nje, kutoka katikati ya ukurasa kwenda pembeni.

Pini za stepla zilizoota kutu ndizo zinazotafuna karatasi taratibu. Usizing'oe kwa kifaa kile cha meno cha ofisini, kitachana. Geuza karatasi uone upande wenye miguu ya pini. Ingiza kipande chembamba cha plastiki ngumu kati ya pini na karatasi ili kuikinga. Kwa kijisu butu na chembamba inua mguu mmoja, kisha wa pili, mpaka yote isimame wima. Geuza tena, ingiza plastiki upande wa juu, uinue pini polepole itoke yenyewe. Ikiwa kutu imeshaishika karatasi, utasikia ikikwaruza kidogo. Simama, isogeze kushoto na kulia, usivute. Karatasi moja inaweza kuchukua dakika mbili. Baada ya siku tatu mikono inazoea.

Raba zote ziondolewe, maana huyeyuka na kuganda kwenye karatasi. Palipochanika usibandike selotepu, na usimruhusu mtu yeyote kuitia nyaraka plastiki ya moto kwa nia ya kuilinda. Gundi ya selotepu hugeuka rangi na kupenya. Plastiki ya moto haitoki tena bila kuondoka na nyaraka. Karatasi iliyochanika iweke ndani ya karatasi nyingine iliyokunjwa, imsubiri fundi wa ukarabati.

Glavu za kitambaa tunazoziona kwenye filamu hazifai kwa karatasi. Zinakunyima hisia ya vidole, nawe unachana. Nawa mikono, kausha vizuri, fanya kazi. Glavu, zile nyembamba za mpira, ziwe za picha na filamu, kwa sababu mafuta ya vidole huacha alama isiyofutika.

Majalada na boksi yawe ya karatasi isiyo na asidi inapowezekana. Zisipopatikana, boksi safi na imara ni bora kuliko rafu wazi, mradi kati ya boksi na nyaraka kuwe na karatasi nzuri. Boksi lisijae hadi kuminya wala lisibaki nusu, maana karatasi zitapinda. Namba juu ya jalada iandikwe kwa penseli.

Hatua ya 6: Chumba

Adui mkubwa ni maji. Tarehe 4 Novemba 1966 mto Arno ulifurika Florence, Italia, ukaingia maktaba na hifadhi za nyaraka, na kazi ya kukarabati vilivyoharibika ikaendelea kwa miongo. Machi 2009 jengo la nyaraka za jiji la Cologne, Ujerumani, liliporomoka kwa sababu ya ujenzi wa reli ya chini ya ardhi jirani yake. Watu wawili wa nyumba za pembeni walipoteza maisha, na nyaraka zikazama kwenye kifusi na maji. Ikiwa miji yenye uwezo kama huo ilipatwa, wewe uliye chini ya bati linalovuja usisubiri msimu wa mvua.

Kwa hiyo: rafu ya chini kabisa iwe sentimita 15 juu ya sakafu. Rafu zisiegemee ukuta wa nje. Juu ya boksi pasipite bomba la maji, na kama lipo, weka turubai la plastiki karibu, tayari kufunika, na uandike alama ya valvu ya kufungia. Boksi zisikae chini ya dirisha.

Unyevu wa hewa ukikaa juu ya asilimia 65, ukungu huota. Nunua kipima joto na unyevu, hata kile kidogo, uandike asubuhi na jioni kwa mwezi mzima kabla ya kuomba mashine yoyote. Mara nyingi utagundua kwamba feni, kufungua njia ya hewa kati ya rafu na kuziba pale maji yanapopanda ukutani kunatosha. Kiyoyozi kinachowashwa saa za kazi na kuzimwa usiku kina hatari yake, kwa sababu karatasi huumizwa na kupanda na kushuka kwa ghafla.

Wadudu: usipulizie dawa juu ya nyaraka. Jalada lenye wadudu lifunge kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha hewa, liweke kwenye friza ya nyuzi 20 chini ya sifuri kwa wiki mbili, kisha liache nje siku nzima bila kulifungua, umande usiingie ndani. Picha za kioo na filamu zisiingizwe friza bila ushauri wa mtaalamu. Mchwa ni suala la jengo; ita fundi wa jengo.

Nyaraka zikilowa una saa 48 kabla ya ukungu. Zile chache ziweke kwenye hewa ya feni, juu ya karatasi za kunyonya maji, ukizibadilisha. Zikiwa nyingi kuliko mikono, zigandishe kwenye friza ili kununua muda. Kitabu kilichovimba kwa maji usikifungue, na picha zilizogandana usizibandue.

Hatua ya 7: Kuhama, kama kupo

Ukiwa na orodha, kuhama ni kazi ya mgongo tu. Kila boksi lipewe namba ya safari, lisainiwe likitoka na lisainiwe likiingia, na mahali pake papya pawe pameshaandikwa kabla halijapanda gari. Rafu mpya ziwe zimesimama na zimekauka rangi. Mtu mmoja abaki kila upande, asibebe chochote, kazi yake iwe kalamu.

Hatua ya 8: Sasa skana

Chagua kwanza. Skani zinazoombwa sana, zinazochakaa haraka, na zile ambazo mashine zake za kusomea zinatoweka, kama kanda za sauti. Majalada ambayo hakuna aliyeyagusa miaka 15 yanaweza kungoja.

Maandishi ya kawaida yaskanie nukta 300 kwa inchi. Picha ndogo 600. Nakala mama iwe TIFF, muundo wa picha unaotunza ubora wote, na ya kuwapa wasomaji iwe JPEG au PDF, ambazo ni nyepesi. Fanya hesabu mapema: ukurasa mmoja wa A4 wa rangi kwa nukta 300 hufika megabaiti 26 hivi. Jalada la kurasa 100 ni gigabaiti 2.6. Majalada 1,000 kama hilo ni terabaiti 2.6, na bado hujaweka nakala ya pili. Bajeti ya diski ni ya kila mwaka, kwa sababu diski hufa.

Jina la faili la kompyuta liwe namba ya kumbukumbu ikifuatiwa na namba ya ukurasa, basi. Picha ikitangatanga peke yake, jina lake liirudishe nyumbani.

Weka nakala tatu, kwenye aina mbili za vifaa, moja ikiwa nje ya jengo. Kwa kila faili tengeneza cheksamu, mfuatano wa herufi na tarakimu unaotokana na yaliyomo. Ikibadilika, faili imeharibika, nawe unajua kuirudisha kutoka nakala nyingine. Na karatasi yenyewe usiitupe kwa sababu imeskaniwa.

Hatua ya 9: Kumbukumbu zilizozaliwa kwenye kompyuta

Hapa ndipo ofisi nyingi zinapoteza historia yake sasa hivi, kimya kimya. Mkuu wa idara anahama, kompyuta yake inafutwa, barua pepe za miaka sita zinakwenda. Omba barua rasmi inayosema kwamba mtumishi akiondoka, akabidhi mafaili yake ya kompyuta kama anavyokabidhi funguo. Zilizo za kudumu zihifadhiwe kwa muundo usiotegemea programu ya kampuni moja, kama PDF/A, pamoja na faili la asili. Kwenye orodha yako zipewe namba pamoja na karatasi za idara hiyo hiyo, kwa sababu chimbuko lake ni moja.

Hatua ya 10: Fungua mlango

Chumba cha kusomea kiwe ambapo mhudumu anaona meza zote. Penseli tu, mifuko nje, jalada moja moja, fomu ya kuomba yenye saini. Majalada yenye habari za siri za watu walio hai yawe na muda wa kufungwa ulioandikwa, ili jibu la "hapana" litoke kwenye kanuni na lisitegemee mhudumu ameamkaje. Mwenye shida ya mafao au urithi ahudumiwe sawa na profesa. Mara nyingi ndiye mwenye haraka zaidi.

Mara moja kwa mwaka, chukua siku moja ufanye hivi. Chagua namba kumi kwenye orodha bila kuchagua kwa macho, nenda rafuni uone kama zipo. Kisha chukua majalada kumi kutoka rafu yoyote, rudi uone kama yamo kwenye orodha. Fungua na faili kumi za kompyuta. Mpe kazi hiyo mtu ambaye si mpangaji wa rafu, na zile ambazo hazikupatikana aziandike kwa jina, tarehe na rafu, siku hiyo hiyo.